Usimwambie, Atakata Tamaa

Kila aliyekaa hosteli anajua mambo ya flashi: chumba kimoja kikipata kitu kipya, wiki haiishi kabla jengo zima halijakipata. Nikiwa mwaka wa pili, siku chache kabla ya UE, kilichozunguka kwetu ni manga, yaani katuni ya Kijapani, yenye jina la ajabu: I Want to Eat Your Pancreas. Nikadhani ni mambo ya mazombi. Kumbe ni habari ya binti wa sekondari mwenye ugonjwa wa kongosho usiopona.

Ilianza kama riwaya ya Yoru Sumino, iliyotoka 2015. Izumi Kirihara akaichora kuwa manga, na 2018 ikawa filamu ya katuni. Binti mwenyewe, Sakura, anaujua ugonjwa wake vizuri. Ana daftari la siri analoandika siku zake. Anakula nyama choma, anacheka, na anamburuta mvulana wa darasani kwao kwenye safari ya mbali ya treni, kwa sababu tu ndicho anachokitaka. Wenzangu walisema ni hadithi ya kuliza. Mimi ilinikasirisha, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kwetu ni Tindiga, Kilosa. Mtoto wa mjomba wangu alimaliza kidato cha sita akiwa na uvimbe karibu na goti. Tukasema ni mambo ya mpira. Akachuliwa, akanywa dawa za maumivu, miezi ikapita. Alipofika hospitali kubwa ya mjini, ilikuwa kansa ya mfupa na ilishafika kwenye mapafu. Daktari alituita pembeni mimi na mjomba, akatuambia hakuna tena tiba ya kumponya. Tulipotoka mjomba akanishika bega: "Usimwambie, atakata tamaa." Sikumwambia.

Akaniuliza, "Kaka, chuo kikifunguliwa nitakuwa nimepona?" Nikasema ndiyo.

Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo mtu wa Kilosa anaweza kuzeeka akiwaona twiga kupitia dirisha la basi tu. Yeye alitaka kuingia ndani. Alinitajia jambo hilo mara tatu, wakati bado anaweza kutembea kwa magongo. Mara zote tatu nilimjibu, "Ukipona tutaenda." Alifariki mwezi wa tatu, mashamba ya mpunga yakiwa yamejaa maji.

Baada ya arobaini nilipewa simu yake nihifadhi picha. Humo nikakuta alishatafuta mtandaoni jina la ugonjwa wake, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha hospitali, tena na tena, saa nane za usiku. Alijua. Kumbe sisi tulimficha yeye, na yeye akatuficha sisi, na katikati yetu akabaki peke yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku zote tunamtupia mgonjwa methali hiyo. Lakini kwa mgonjwa kijana, mara nyingi wafichaji ni sisi wazima, na aibu ni yetu.

Najua hoja ya mjomba na siidharau. Kwetu kumwambia mtu hataishi ni kama kumtabiria kifo, na matumaini yana nguvu zake. Pia wapo wagonjwa ambao hawataki kujua, na hiyo ni haki yao. Basi tumuulize kwanza: unataka kujua kiasi gani? Sisi hatukuuliza. Tena kusema ukweli si kumtelekeza mtu. Kuna tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na kumsindikiza mgonjwa na familia yake hata kama hakuna kupona. Uganda ilianza mapema: Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na inatumia mofini ya maji, dawa ya maumivu makali isiyo ya gharama kubwa. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road inatoa huduma hiyo. Ila familia inayojifanya mgonjwa anapona haiwezi hata kuiulizia.

Sasa tujiangalie hapa chuoni. Mwenzetu akiugua tunachojua ni kufungua grupu la mchango, namba ya kutuma pesa na picha akiwa kitandani. Mchango ni kitu kizuri, sipingi. Lakini kumbukeni habari ya Jadudi, mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Agosti 2015 alimsimulia mwandishi Jackson Biko maisha yake, Biko akayaandika. Iliombwa shilingi milioni moja ya Kenya, na ndani ya siku chache zikapita milioni sita. Baadaye alifariki. Watu walichangia baada ya kumsikia kijana mwenyewe, si baada ya kuonyeshwa dripu.

Kama hujaisoma manga hiyo, ruka aya hii. Sakura haui­wi na kongosho. Anauawa kwa kisu na mtu asiyemjua, akiwa njiani. Wengine wanaona mwandishi ametuchezea. Mimi naona amesema jambo ambalo nilitakiwa kulijua mapema: "ukipona tutaenda" ni ahadi ambayo hata mzima hana uhakika nayo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukiwa na rafiki anayeumwa ugonjwa mzito, punguza "pole" na "utapona tu". Muulize: wiki hii unataka kufanya nini? Akisema anataka kukaa kwenye lekcha hata kama mtihani hataufanya, mshikie kiti. Akisema anataka kwenda kuona twiga, tafuteni nauli.

Mikumi bado sijaingia. Kila basi likipita pale nageukia upande wa pili.