Gitaa Dogo Latutosha

Mimi ni mmoja wa wale waliopiga kelele kwenye mkutano wa chama muhula uliopita, hadi mwalimu mlezi akasema basi, kila mwenye maoni aende akayaandike. Haya ndiyo yangu. Wa upande wa pili nao wana kalamu.

Jambo lenyewe mwalijua. Tumechanga pesa za gitaa jipya, la mbao, lisilotaka stima, la kusindikizia mashairi na nyimbo za chama. Kwamba liwe Yamaha ya ukoo wa FG, hapo hatukubishana. Ukoo huo ulianza Japani mwaka wa 1966, na hata fundi wa gitaa wa mtaani aujua. Ugomvi ulizuka tulipofika kwenye namba. Mwaka wa 2016 Yamaha walitoa FG800, FG820 na FG830, na kando yao ndugu zao wadogo wa kimo, FS. Ukiyatazama kwa mbele, utaapa ni pacha. Uso wa yote ni ubao halisi wa sprusi, mti wa nchi za baridi. Tofauti iko mgongoni na mbavuni: 800 ina mbao za bei nafuu, nato au okume, 820 ina mkangazi, 830 ina rozwudi. Kila ukipanda namba, na bei yapanda.

Kaka mwekahazina na kundi lake wataka 830. Nawaelewa. Rozwudi ni ya jamii moja na mpingo, na mtu wa Pwani humwambii kitu kuhusu mpingo. Nenda pale Changamwe kwa wachongaji wa ushirika wa Akamba, walioko tangu 1963, uone kinyago cha mpingo kilivyo kizito na kinavyong'aa. Siku hizi wengi wao huchonga mwarobaini, maana mpingo umekuwa adimu, lakini heshima ya mti ule haijaisha. Kwa hiyo mtu akisikia "rozwudi" moyo wamwambia hiyo ndiyo sauti. Lakini jamani, rozwudi ya 830 si gogo! Ni plaiwudi, ngozi nyembamba ya rozwudi iliyogundishwa juu ya mbao nyingine. Twalipia koti.

Na hata ingekuwa rozwudi tupu, bado ningeuliza. Mwaka wa 1862 fundi mmoja wa Hispania, Antonio de Torres, aliunda gitaa lenye uso wa mbao, lakini mgongo na mbavu zake zikawa za karatasi ngumu. Alitaka watu waone kuwa sauti hasa hutoka usoni. Mtu atasema hayo ni ya kale. Haya, mwaka wa 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio lao: magitaa sita ya fundi mmoja, yanafanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu. Wapigaji 52 wakavishwa miwani ya wachomeleaji kwenye chumba chenye giza, wakaambiwa wapige, wahukumu. Alama walizoyapa zilikaribiana sana, na kuyatofautisha wasipoyaona kukawashinda wengi. Rozwudi ghali ya Brazili ilikuwamo, na mkangazi wa kawaida ulikuwamo. Sasa ikiwa hao wazoefu wameshindwa, sisi wanafunzi tutaisikia wapi hiyo rozwudi, tena kengele ya chakula ikilia?

Ndiyo maana nasema tuachane na namba, tutazame kimo. Hapa ndipo nilipopigiwa kelele. FG ni gitaa kubwa, kifua kipana, na nyuzi zake zina urefu wa milimita 650 kutoka daraja hadi kichwani. FS ina kiuno, kifua chake ni chembamba, na nyuzi ni milimita 634. Milimita kumi na sita, mtu atacheka. Lakini uzi mfupi hulegea kidogo kwa sauti ile ile, na vidole vya mtu anayeanza vyajua tofauti hiyo kabla ya wiki kwisha. Tuna wenzetu wadogo ambao wakikumbatia lile gitaa kubwa la kuazima, mkono wa kulia hauifikii nyuzi vizuri. Wamejaribu mara mbili, mara ya tatu hawakuja. Chama ni cha nani?

Isitoshe, sisi twasindikiza shairi. Mwenye kughani lazima asikike, na gitaa limfuate chinichini kwa vidole. Mwafahamu ule upigaji wa kidole gumba na cha shahada, aliorekodiwa nao Jean-Bosco Mwenda na Hugh Tracey huko Katanga mwaka wa 1952, ukaenea hadi huku kwetu. Upigaji wa namna hiyo haudai kifua kikubwa. Nakubali, siku ya kwaya ya watu arubaini, gitaa kubwa litashinda kwa kishindo cha besi. Siku hiyo tutaomba kipaza sauti cha shule.

Halafu kuna mambo ya Likoni yetu, ambayo mwenye kuandika bei dukani hayajui. Gitaa litavuka feri saa ya msongamano, litabanwa kwenye matatu ya kwenda Kisauni, kondakta aseme mzigo huo walipiwa. Na kuna hewa. Waundaji wa magitaa hushauri unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 55. Hapa mara nyingi twapita 70, na chumvi juu yake. Lile gitaa letu la zamani lilikaa dirishani likizo nzima. Tuliporudi tumbo lilikuwa limevimba, nyuzi zimepanda juu ya shingo, ukizibonyeza utadhani wakata waya. Mbavu za plaiwudi hustahimili zaidi, hilo ni jema, ila uso wa sprusi utavimba tu tusipolitunza.

Kwa hivyo kura yangu ni FS800: namba ya chini, kimo cha chini. Kwa pesa itakayobaki tununue mfuko wenye sponji na seti za nyuzi za akiba, si moja, kwa kuwa upepo wa bahari huzila kwa kutu. Na kitambaa kikavu cha kufutia kila baada ya mazoezi. Cha kitambaa nitaleta mimi.