Simu Inalijua Jani la Muhogo, Haimjui Binti Anayelila

Ndugu zangu wa bonde la Mbwemkuru, wa Nachingwea na wa Ruangwa,

  

Naandika kutoka Pittsburgh, Marekani, nikiwa nimeudhika na sitaficha. Majuzi binti wa dada yangu, ambaye amemaliza kidato cha nne na anaishi Ruangwa mjini, alinitumia ujumbe: "Shikamoo mama mdogo, naomba unisaidie hela ya chai." Chai yenyewe ni unga wa kukata tumbo unaouzwa kwenye simu, na muuzaji ni dada mmoja asiye na anwani wala cheti. Nilipomhoji zaidi akaniambia rafiki yake ana vidonge vya kunenepesha makalio, naye kavinunua kwenye simu hiyohiyo. Mmoja anataka apungue, mwingine anataka aongezeke. Asubuhi wote wawili wanakunywa chai ya rangi na andazi, mchana chipsi na soda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa wingi wa damu.

Msiniambie hayo ni mambo ya watoto wa siku hizi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu, na zaidi ya theluthi moja wana uzito uliozidi. Binti zetu hawaujui upungufu huo wa damu mpaka wapate mimba. Siku ya kwanza kliniki nesi anasema, "Damu yako ni saba," ndipo ukoo mzima unahangaika kutafuta maini na juisi ya rozela. Damu hiyo ilianza kupungua miaka mingi kabla, na sisi tulikuwepo tunatazama.

Kinachoniuma ni kwamba haya yanatokea kwenye ardhi ya chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta matrekta Nachingwea kulima karanga, kwa sababu watu wao walikosa mafuta baada ya vita. Korosho zetu nyingi zinapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Mbaazi tulizilima kwa ajili ya India, na India ilipoweka ukomo wa kuziingiza Agosti 2017, bei ikaanguka na magunia yakabaki ndani. Hata mwaka ule, mbaazi zikiwa zimejaa majumbani, tuliendelea kuziita chakula cha shida. Ardhi hii imelisha watu wa mbali kwa vizazi, na binti aliyezaliwa juu yake anaomba hela ya unga wa kwenye kopo.

Sasa nisikilizeni, maana sikuandika kulalamika tu. Nina jambo moja ninalolitaka.

Nataka halmashauri za Nachingwea na Ruangwa ziwape wasichana wetu programu ya simu ya mambo ya chakula, kwa Kiswahili, inayovijua vyakula vya kwetu. Msicheke. Simu tunayo. Siku ya mnada wa RUNALI, chama chetu cha ushirika, kabla ya saa sita mchana kila mkulima anajua ufuta umeuzwa shilingi ngapi, na habari hiyo ameipata kwenye simu. Simu imefika ghalani. Jikoni haijafika.

Tena kazi ngumu imekwisha kufanywa na wengine. Wapo wakulima Tanzania wanaotumia programu iitwayo Nuru. Unaielekeza simu kwenye jani la muhogo, nayo inakwambia kwa Kiswahili kama jani lina batobato au michirizi ya kahawia. Inafanya kazi hata bando likiwa limeisha. Ilitengenezwa na watu wa PlantVillage wa chuo kikuu cha Penn State wakishirikiana na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyo na kituo Dar es Salaam. Chuo hicho kiko kwenye jimbo hili ninaloishi, mwendo wa saa chache kwa gari. Watu hao wa Penn State walishirikiana pia na IFPRI, taasisi ya utafiti wa sera za chakula, kutengeneza programu nyingine, FRANI. Msichana anapiga picha sahani yake, simu inatambua kilichomo, inampa hesabu ya virutubisho na kumshauri. Wameijaribu na wasichana wa Ghana na Vietnam.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Jani la muhogo likiugua shambani, simu inalisemea kwa Kiswahili. Jani hilohilo likichumwa, likatwangwa na kuwa kisamvu kwenye sahani ya binti yako, simu haina la kumwambia.

Huku kazini kwangu, nyumba ya kutunza wazee, mabinti wa zamu ya usiku hawali kitu bila kuuliza simu. Wanapiga picha alama za kifungashio na simu inasoma sukari, chumvi na mafuta. Nami nikaijaribu programu moja maarufu. Tambi za aina zote inazijua, na nyama ya nguruwe kwa majina yake yote. Nikaandika kisamvu, nikaandika ming'oko, nikaandika mlenda, haikuniletea kitu. Usiku ule nilikuwa nimebeba kisamvu cha kugandishwa nilichonunua kwa dola kwenye duka la Waafrika. Niliumia kuliko ninavyoweza kueleza.

Na wala hatuwezi kusema vyakula vyetu havijapimwa. Tangu mwaka 2008 liko jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania, lililoandaliwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, lenye mamia ya vyakula. Mwaka 2023 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji. Maarifa yapo kwenye makabati. Binti wa Ruangwa hawezi kufungua kabati la Dodoma, lakini simu anaifungua kila anapoamka.

Programu ninayoitaka ifanye mambo machache na iyafanye vizuri. Iongee kwa sauti, kwa kuwa wapo wasiopenda kusoma. Ifanye kazi bila bando kama Nuru. Ijue majira ya kwetu: ikifika Oktoba mabibo yanaoza chini ya mikorosho na mengine yanaishia kwenye gongo, imwambie binti kuwa bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na kwamba akilila pamoja na kisamvu mwili wake utapata madini chuma zaidi kutoka kwenye mboga ile. Imwambie chai ya rangi asiinywe na mlo, asubiri saa moja hivi, kwa kuwa chai huzuia madini hayo. Imhesabie kwa shilingi: bei ya soda moja inanunua fungu gani la dagaa, mbaazi kiasi gani, mayai mangapi. Na jambo moja isifanye kabisa: isimpime kiuno wala isimwambie mwili wake una kasoro. Wauzaji wa vidonge wanaifanya kazi hiyo mchana na usiku.

Mtasema wengi wana simu za vitochi. Kweli. Basi wenye vitochi watumiwe ujumbe wa bure. Mwaka 2012 serikali na washirika wake walianzisha huduma ya Wazazi Nipendeni, ambapo mjamzito aliandika MTOTO kwenda 15001 akapata ushauri bila kukatwa salio. Kama tuliweza kwa mjamzito, tunashindwaje kwa mdogo wake ambaye bado hajapata mimba?

Mtasema simu inaharibu watoto. Wazazi wenzangu, hapa nitawagombeza. Mnamnyang'anya binti simu mkisema ni uhuni, kaka yake mnamwachia. Binti anaazima ya shoga yake, anajifunza mambo ya mwili wake kwa muuzaji wa vidonge. Mkae naye, mfungue programu pamoja. Na nyinyi makungwi, mama zangu, unyago wenu ulinifunza heshima, usafi na kumpikia mume. Mwari afundishwe pia kujipakulia. Katika nyumba nyingi za kwetu msichana anapika chungu kizima na anakula ukoko. Neno la kungwi kwa mwari litaingia kuliko la daktari.

Mtasema hela hakuna. Halmashauri inakata ushuru kwenye korosho na ufuta wenu. Kwenye bajeti ya lishe kuna agizo la kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na nalipongeza. Lakini angalieni lilivyokaa: mtoto ana fungu lake, mjamzito ana kliniki yake, na binti wa miaka 18 amesimama katikati hana fungu. Huyo ndiye mama wa mtoto tunayemtengea ile elfu moja. Kumsubiri mpaka ajifungue ndipo tuanze kumlisha mwanawe ni kuezeka nyumba ambayo haina nguzo.

Najua wapo watakaosema aliyeondoka hana kauli. Dada yangu ndiye aliyebaki kumuuguza mama, mimi nikawa wa kutuma pesa. Binti yake huyu alikuwa tumboni nilipopanda ndege, na mpaka leo sijampikia hata chungu kimoja cha mbaazi. Nyakati nyingine nikimlisha kijiko kwa kijiko bibi wa watu hapa, nakumbuka wa kwangu niliowaacha walishwe na wengine. Neno lenu lina haki. Lakini umbali umenipa kitu kimoja cha kuwaletea: nimeona kinachowezekana, na nimeona kuwa waliokitengeneza hawako mbali na sisi kama tunavyodhani.

Hela ya chai sikutuma. Nilituma ya kupima damu, mayai na dagaa, na nilimwambia sababu.

Ninyi nawaomba hili. Kabla ya vikao vya bajeti ya halmashauri, mwendeeni diwani wenu, mwendeeni afisa lishe wa wilaya, muwaulize: msichana ambaye hana mimba na hana mtoto, ametengewa nini? Wakijibu hakuna, waambieni waandike barua Taasisi ya Chakula na Lishe na IITA Dar es Salaam kuomba programu hiyo ije Nachingwea na Ruangwa. Sisi tulio nje tutachanga, na mimi nitakuwa wa kwanza. Lakini barua lazima itoke kwenu, yenye mhuri wa halmashauri yenu, kwa kuwa mabinti ni wenu.

Ndugu yenu,
Pittsburgh