Duka la Mama Mdogo na Masomo ya Chuo cha Biashara

Jumapili iliyopita, kabla jua halijawa kali, alinijia mama yangu mdogo akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Baada ya kuitikia shikamoo yangu na kunywa chai nusu kikombe, alitoa ndani ya bahasha ile karatasi tatu, akaziweka mezani kama mtu awekavyo samaki ambaye hana hakika kama ni wa leo. Zilikuwa karatasi za chuo. Bintiye, aliyemaliza kidato cha nne, amepata nafasi ya kusomea cheti cha uendeshaji wa biashara, na ada ya muhula wa kwanza inatakiwa. Fedha ipo, imekusanywa kidogo kidogo kwa mchezo wa upatu. Walakini fedha hiyo hiyo ndiyo iliyokusudiwa kuongeza magunia dukani.

"Mimi nimeuza mchele miaka kumi na minne," alisema. "Biashara hufundishwa sokoni. Nisomee hayo majina, mwanangu, uniambie kama ni elimu au ni ujanja wa kula fedha za watu."

Yakini swali hili si la mama mdogo peke yake. Nyumba nyingi za wafanyakazi mijini hulikabili kila mwaka matokeo ya mtihani yanapotoka, na mara nyingi ada hulipwa bila mzazi kujua mtoto anakwenda kufundishwa nini. Basi nilizisoma zile karatasi kwa sauti. Masomo ya mwanzo yalikuwa uhasibu, kanuni za menejimenti, uchumi, sheria ya biashara, masoko, takwimu, pamoja na mawasiliano na kompyuta. Ukienda chuo kingine cha aina hiyo utayakuta hayo hayo kwa mpango mwingine.

Tulianza na uhasibu, kwa sababu mama mdogo alilicheka neno lenyewe. Nikamwomba anieleze faida yake ya mwezi. Akasema bila kusita: kwa mwezi anauza magunia kumi ya kilo mia, kilo huinunua kwa shilingi 2,400, huiuza kwa 2,800, gunia humpa 40,000, magunia kumi 400,000. "Hiyo ndiyo faida," akasema. "Lakini siioni. Kila nikienda kununua mzigo, fedha imepungua."

Nilichukua daftari la mtoto la shule, tukaandika. Kwanza gharama za duka: kodi ya fremu 100,000, usafiri wa mzigo 60,000, mlinzi na taka 20,000, mifuko 15,000. Jumla 195,000. Zikabaki 205,000. Kisha nikamwuliza nyumbani wanapika mchele wa wapi. Akanitazama kana kwamba nimeuliza maji ya mtungini yanatoka wapi. Wanakula kilo moja na nusu kwa siku, kilo 45 kwa mwezi, kutoka dukani. Zinazomwagika, zinazoliwa na panya na zinazozidi kwenye mizani ni kama kilo 20. Na kilo 25 huchukuliwa kwa mkopo na majirani na jamaa, ambao hulipa wakijaliwa.

Kumbe katika kilo elfu moja zilizonunuliwa, zinazorudi kama fedha taslimu ni 910 tu. Kilo hizo ni shilingi 2,548,000. Mzigo ulimgharimu 2,400,000. Tofauti ni 148,000, na gharama za duka ni 195,000. Kila mwezi sanduku la fedha lilikuwa likipungua shilingi 47,000, na mama mdogo akifikiri ana mkono mbaya au kuna mtu anamwibia.

Lakini hapa ndipo uhasibu ulipoanza kunipendeza mimi mwenyewe, kwa maana hauishii kwenye sanduku. Mchele uliouzwa kwa mkopo umeuzwa. Ni mali ya duka iliyo mikononi mwa watu, shilingi 70,000. Mchele ulioliwa nyumbani haukupotea. Mwenye duka amechukua mali yake, na kwa bei ya kununulia ni 108,000. Ukihesabu hivyo, mauzo ni kilo 935, yaani 2,618,000. Mchele uliouzwa pamoja na uliomwagika uligharimu 2,292,000. Toa na zile 195,000 za uendeshaji: inabaki faida ya 131,000. Kwa hiyo duka lina faida, na papo hapo linakaukiwa na fedha. Mambo hayo mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Nimekutana na watu wenye maduka makubwa wasiojua kwamba jambo hilo linawezekana.

Elimu hii ni ya kale. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Kifransisko, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu cha hesabu ambacho ndani yake alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila jambo mara mbili, mahali kilipotoka na mahali kilipokwenda. Hakuibuni yeye njia hiyo. Aliikuta ikitumika, akaiandika ieleweke. Kilo moja na nusu ya mchele ikitoka dukani, huandikwa imetoka, na huandikwa tena imekwenda kwa mwenye mali. Anayeandika mara moja tu huona nusu ya habari. Na msingi wake ni huu, ambao mama mdogo aliupinga kwa dakika ishirini: kwa macho ya mhasibu, duka ni mtu mmoja na mama mdogo ni mtu mwingine.

Sheria ya biashara, kwa upande wake, haikubaliani. Kwa mfanyabiashara wa peke yake ambaye hakuunda kampuni, sheria humwona yeye na duka kuwa kitu kimoja. Duka likishindwa kulipa deni, mdai aweza kuifuata mali yake nyingine. Kampuni iliyosajiliwa ndiyo yenye nafsi yake. Hilo lilithibitishwa Uingereza mwaka 1896 katika kesi ya mtengeneza viatu aitwaye Salomon, aliyegeuza biashara yake kuwa kampuni, nayo ikafilisika. Waliomdai walitaka alipe mwenyewe, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikaamua kwamba kampuni ni mtu mwingine. Wanafunzi wa sheria ya biashara hukutana na kesi hiyo mapema sana. Watajifunza pia mkataba ni nini na lini ahadi huwa deni, jambo ambalo lingewafaa wengi wanaoanzisha biashara na mashoga zao kwa kupeana mikono tu.

Kuhusu kanuni za menejimenti, wewe msomaji uliyeajiriwa kiwandani au ofisini unazijua kwa kutendewa. Aliyezipanga vizuri ni Mfaransa Henri Fayol, mhandisi wa migodi, ambaye mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni iliyokuwa ikielekea kufilisika, akaiacha mwaka 1918 ikiwa imara. Katika andiko lake la mwaka 1916 alisema kazi ya kiongozi ni kupanga, kuunda, kuamuru, kuratibu na kukagua. Katika kanuni zake kumi na nne, mojawapo ni kwamba mtumishi apokee amri kwa mkubwa mmoja. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kutumwa na wakubwa wawili, mmoja huku na mwingine kule, kisha akagombezwa na wote?

Kabla yake alikuwapo Mmarekani Frederick Taylor, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1911. Huyu aliingia kiwandani na saa mkononi, akipima kila mkono unavyonyanyuka, ili ipatikane njia moja bora ya kufanya kila kazi. Uzalishaji ulipanda mahali pengi. Lakini mwaka huo huo wa 1911 mafundi wa karakana ya silaha ya Watertown, Massachusetts, waligoma kwa sababu ya kupimwa kwa saa, hata Bunge la Marekani likaunda kamati ya kuichunguza njia hiyo. Kisha, kati ya mwaka 1924 na 1932, yakafanyika majaribio katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago. Walioyaanza walitaka kujua habari za taa na mwanga. Waliomaliza, akiwemo Elton Mayo, walisema kwamba mfanyakazi hutenda zaidi akijaliwa na kusikilizwa. Wataalamu wa baadaye wameyatilia shaka matokeo yale, nami nadhani wana haki. Hata hivyo ningependa mkuu wa idara yetu ayasome.

Hapa kwetu masomo haya yana historia yake. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mabenki na viwanda vingi vikawa mali ya umma, na wa kuviendesha wakawa hawatoshi. Haishangazi basi kwamba mwaka 1972 pekee ulishuhudia kuundwa kwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo cha Mzumbe, ambacho mwaka 2001 kilikuwa Chuo Kikuu, na bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mashirika mengi yaliyosubiri wahitimu hao hayapo tena, au yamekwisha kuuzwa. Mwanafunzi wa leo aghalabu hasomei kiti cha ofisini kilichokwisha kuwekwa, naye ni vema alijue hilo kabla ya kulipa ada.

Masoko na takwimu sitayasemea mengi. Katika masoko mama mdogo ni mwalimu: anajua nani hula mchele wa Mbeya na nani hutafuta wa bei nafuu, na kwa nini siku za mwisho wa mwezi mfuko wa kilo tano huwekwa mbele. Takwimu zingemsaidia kujua kwamba zile shilingi 400 anazozidisha ni karibu asilimia 17 ya bei ya kununulia, lakini ni asilimia 14 tu ya bei ya kuuzia. Wengi hupunguza bei kwa kuchanganya hesabu hizo mbili.

Lililotukalisha hadi adhuhuri ni uchumi. Wanafunzi husomeshwa habari za Adam Smith na kiwanda chake cha pini cha mwaka 1776, ambamo watu kumi waliogawana kazi walitengeneza pini 48,000 kwa siku. Lakini somo lililomhusu mama mdogo ni lile lisemalo kwamba gharama ya kitu ni pamoja na kile ulichokiacha ili ukipate. Ada ya binti si ada tu. Ni magunia yasiyonunuliwa. Na zaidi ya hayo, binti ndiye anayekaa dukani asubuhi hadi jioni. Akienda chuo, nani atauza?

"Nitaweka kijana," akasema mama mdogo.

Tukarudi kwenye daftari. Faida yote ya mwezi, zile 131,000, haitoshi kumlipa kijana wa siku nzima mshahara halali. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku wala 45 kwa juma, ilhali duka hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa tatu usiku. Mama mdogo alinyamaza kitambo. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo huyu mtoto amekuwa akifanya kazi ya bure." Sikumjibu. Yeye mwenyewe pia amefanya kazi ya bure, miaka kumi na minne, na hilo halikuandikwa popote.

Tuligeuza ukurasa wa tatu wa zile karatasi, ambao hakuwa ameuona, na kule chini pakaandikwa kwamba yapo masomo ya jioni, kuanzia saa kumi na moja, kwa ada ya mafungu manne. Nilimwambia kwanza aulizie kama chuo chenyewe kimesajiliwa na NACTVET, maana cheti cha chuo kisichosajiliwa ni karatasi, na pia aulize kama nauli ya usiku imo katika hesabu yake. Haikuwamo. Tukaiandika.

Jumatano alinipigia simu. Chuo kimesajiliwa. Fungu la kwanza limelipwa, na fedha iliyobaki imenunua gunia moja na mizani mpya. Mchele wa nyumbani sasa hupimwa asubuhi na kuandikwa na binti katika daftari lile la shule, ukurasa wa kushoto na wa kulia, na mama mdogo anasema kwamba tangu uanze kuandikwa wanakula kilo moja na robo.

Wanaodaiwa nao wameandikwa, kila mtu na kilo zake. Alinisomea majina yote kwa simu, bila haraka. La nne lilikuwa langu, kilo tatu, shilingi 8,400, tangu sikukuu.