Kushiba Si Kunawiri



Twajua sote kwamba mtoto aweza kushiba kila siku na bado asinawiri, kwani tumbo hujazwa kwa wingi wa chakula, ilhali mwili hujengwa kwa ubora wake. Juma hili twalitazama jambo hilo katika familia ya wanyama waliotoweka zamani mno, iitwayo Fenakodonti.

Hawa walikuwa miongoni mwa wala majani wa mwanzo wenye kwato. Kila mguu ulikuwa na vidole vitano, na uzito uliegemea zaidi vile vitatu vya kati. Mashuhuri wao ni Fenakodusi, aliyekaribia ukubwa wa kondoo, ambaye mtaalamu wa Marekani, Edward Drinker Cope, alimpa jina mwaka wa 1873. Jamaa yake, Ektosioni, alikuwa mdogo zaidi.

Mabaki yao hupatikana katika bonde la Bighorn, jimboni Wyoming, Marekani. Huko matabaka ya ardhi yamelala moja juu ya jingine mithili ya kurasa za daftari. Yapo yaliyohifadhi habari za miaka takriban milioni 56 iliyopita, wakati kaboni nyingi ilipoingia hewani na joto la dunia likapanda kwa nyuzi 5 hadi 8. Katika matabaka ya kipindi hicho, meno ya Ektosioni ni madogo kuliko ya waliotangulia. Joto lilipopungua, wenye maumbile makubwa wakaonekana tena.

Kwa nini walipungua? Baadhi ya wataalamu wasema mwili mdogo hupoa upesi. Wengine wasema mimea iliyokua katika kaboni nyingi ilikuwa na lishe hafifu, basi mnyama akala akashiba, asikue.

Rai hii ya pili yatugusa jikoni. Majaribio ya zama zetu yameonyesha kuwa mchele na ngano zikioteshwa penye kaboni nyingi hupungukiwa na protini, madini ya chuma na zinki. Na kaboni ya leo yaongezeka kwa kasi kuliko ya wakati ule.

Kwa hiyo, akina mama, wali usiachwe peke yake sahanini. Tuuandamanishe na pojo, kunde, mchicha au samaki, kila tujaliwapo uwezo.

Tukutane juma lijalo, inshallah.