Staa kakata mwembe, kabandika majani ya plastiki!

Leo sizungumzii nani kaachana na nani, leo naongelea mti. Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Kuna staa mmoja wa filamu hapa Dar, jina kapuni, mwaka jana alifungua mgahawa wa kahawa mtaani kwetu. Ufunguzi ulikuwa bab'kubwa, mastaa kibao. Ukiingia tu unakutana na ukuta mzima wa majani ya kijani, watu wanapanga foleni kupiga selfi. Majani yenyewe ya plastiki! Kinachoniuma ni kwamba palepale palikuwa na mwembe mkubwa, na chini yake mzee mmoja alikuwa anauza kahawa chungu na kashata tangu mimi niko chekechea. Mwembe ukakatwa asubuhi moja ili yapatikane maegesho ya magari manne. Mzee kahamia kwenye kibaraza cha duka, jua linamfuata mpaka saa kumi jioni.

Yaani tumekata mti wa kweli ili tubandike wa bandia. Halafu ndani wameandika "Jisikie uko msituni". Msitu gani bana?

Najua kuna watakaosema nina wivu. Sasa angalieni wenzetu. Japani, mji wa Tachikawa mkoani Tokyo, kuna shule ya chekechea inaitwa Fuji. Wasanifu wake, Takaharu na Yui Tezuka, hawakuikata miti mikubwa waliyoikuta kiwanjani. Jengo lilikamilika mwaka 2007, la mviringo, watoto wanakimbia juu ya paa, na miti mitatu inapenya kwenye paa hilohilo. Kila mti umewekewa wavu ili mtoto asidondoke. Mwaka 2011 wakaongeza jengo dogo linalouzunguka mti mmoja. Kama imewezekana kwenye shule yenye mamia ya watoto watundu, mgahawa wa meza kumi unashindwa nini?

Fundi mmoja aliniambia mti unapasua msingi. Kweli, ukijenga kichwakichwa. Mizizi mingi inayolisha mti haiendi chini sana, imetanda karibu na uso wa ardhi na inavuka hadi nje ya kivuli cha matawi. Ukichimba mtaro wa msingi karibu na shina umeikata, ukimwaga zege juu yake umeinyima maji na hewa. Dawa yake ni kusimamisha jengo kwenye nguzo chache zinazokwepa mizizi mikubwa, chini uweke kokoto au sakafu ya mbao iliyoinuliwa. Kwenye paa unaacha nafasi kuzunguka shina, maana mti unanenepa na upepo ukivuma unayumba.

Kero zipo, sibishi. Majani yanaziba mifereji ya paa, kunguru wa Dar tabia zao mnazijua, na embe bichi likikudondokea kichwani utahama mgahawa. Lakini hizo ni kazi za fagio na kupogoa matawi. Joto la Januari fagio haliliwezi. Kivuli kinapoza bure, wakati pale kwa staa viyoyozi vinanguruma kutwa, na umeme ukikatika wateja wanatoka nje, na nje kwenyewe hakuna pa kujificha.

Isitoshe, kahawa yenyewe inapenda kivuli. Nenda Kilimanjaro, kwenye vihamba vya Wachagga, mibuni imekaa chini ya migomba na miti mikubwa. Sisi huku pwani tunainywa chini ya mti, tunacheza bao, tunapiga stori. Kile kijiwe cha mzee ndo kilikuwa mgahawa wenyewe! Kilichokosekana ni viti vizuri na choo safi.

Na mimi sijitoi. Nilipiga selfi kwenye ule ukuta, nikaposti, nikapata laiki kuliko picha zangu zote. Kwa hiyo staa hakukosea hesabu, alijua tunataka nini.

Ombi langu kwa mnaofungua biashara: kabla hujamlipa mchora ramani, mpeleke kwanza akauone mti, ramani iuzunguke. Mwembe kama ule unachukua miaka mingi, msumeno unachukua asubuhi moja. Na sisi wateja tuwalipe wanaoacha miti.

Wewe mdau unaonaje, mti ubaki au magari yapate pa kukaa? Funguka.