Barua ya wazi kwa BASATA: Mzee wa nanga na spika zetu

Busunzu, Kibondo
Kigoma

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA),
Dar es Salaam

Ndugu Katibu Mtendaji,

Naanza kwa kukiri kosa. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya maandalizi ya sherehe moja huku kwetu. Zilipotajwa ngoma za asili, ni mimi niliyenyoosha mkono na kusema tumwite mzee wa nanga. Nilimfuata mwenyewe kwa bodaboda. Alikuwa na miaka 78. Tukampanga namba tisa kwenye ratiba, nyuma ya kwaya mbili, ngonjera, kikundi cha ngoma na vijana wanaoimba juu ya rekodi. Yeye alifika saa tatu asubuhi, mgeni rasmi akafika saa saba. Namba tisa ilipoitwa ilikuwa saa kumi kasoro na watu wameanza kuangalia njia.

Wasomaji wa pwani wasinielewe vibaya: nanga yetu si ile ya kuzuia chombo baharini. Ni ubao mrefu uliochongwa bonde katikati, mfano wa chano, na uzi mmoja unaozungushwa kutoka ncha hadi ncha mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Hupigwa umekaa. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, wapigaji wake wanajulikana kwa kuimba kwa kunong'ona, maneno yanatoka kama pumzi tu. Mzee wetu naye huimba karibu na hivyo, na aliimba hivyo hata alipokuwa kijana.

Fundi mitambo alimwekea maiki mdomoni, nanga ikawa bubu. Akaihamishia kwenye nanga, sauti ya mzee ikapotea. Spika zikapiga mluzi, vijana wakacheka, simu zikainuliwa. Kabla dakika tano hazijatimia, wimbo wa anayefuata ukaachiwa kwa bahati mbaya. Nami nilijilazimisha kuamini kuwa ni bahati mbaya. Mzee alisimamisha vidole, akaiviringisha nanga yake ndani ya kitenge, akaniambia, "Mwalimu, nyumba hii ni kubwa mno." Tulikuwa uwanjani, juu yetu mbingu tupu. Tulimpa soda mbili na nauli.

Mwaka uliofuata kamati ilipokaa, mmoja akasema, "Mzee amechuja, tumpumzishe." Hakuna aliyepinga. Hata mimi niliinamia daftari langu.

Ndugu Katibu, neno hilo "kuchuja" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilipofika miaka 60 niliweka chaki chini, nikaagwa kwa wali na hotuba, na pensheni yangu inaingia. Hakuna aliyesema nimechuja, ingawa miaka ile ya mwisho nilikuwa nasahau majina ya watoto na kusahihisha madaftari kwa kubahatisha. Mtumishi anastaafu, mwanamuziki anachuja. Mmoja ana tarehe na barua, mwenzake anasubiri siku watu watakapomcheka.

Mjini suala hili lina sura kubwa zaidi. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alikuwamo NUTA Jazz tangu bendi hiyo ilipoanza mwaka 1964, akapita Mlimani Park na Orchestra Safari Sound, akarudi nyumbani Msondo, yaani NUTA ile ile kwa jina jipya. Alitangaza kustaafu mwaka 2013, akiwa ameshapindukia miaka 70 na maradhi yamemwandama. Ndipo nchi ikajua kwamba mtu aliyetuimbia nusu karne hana gari. Diamond Platnumz, ambaye sisi wa Kigoma tunamhesabu wetu tangu enzi za wimbo wa Leka Dutigite mwaka 2012, akamzawadia gari, nasi tukapiga makofi. Aprili 2014 Gurumo akafariki. Zawadi ile haikutimiza hata mwaka mikononi mwake.

Simlaumu aliyetoa, Mungu amzidishie. Lakini ona kilichotokea: kijana mmoja, kwa hiari yake, alibeba mzigo wa waajiri na wa nchi nzima. Bendi nyingi za zamani zilikuwa na wenyewe. NUTA kilikuwa chama cha wafanyakazi, DDC, mwenye Mlimani Park, lilikuwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na Vijana Jazz ilikuwa chini ya Umoja wa Vijana. Magitaa na spika vilikuwa mali ya mwajiri, mwanamuziki akila mshahara. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania na mpaka leo zinapigwa kama zilipendwa. Sheria ya sasa ya hakimiliki tuliipata mwaka 1999. Mgawo wa mirabaha ambao sisi wa mbali tuliusikia ukitangazwa kwa shangwe ulikuwa wa Januari 2022, shilingi milioni mia tatu na ushei kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Gawanya mwenyewe. Gurumo alikuwa kaburini mwaka wa nane.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza kwa nini mzee fulani hashuki jukwaani, namuuliza: ashuke aende wapi? Marehemu King Kikii, aliyetutoka Novemba 2024, bendi yake ya La Capitale iliitwa Wazee Sugu. Tulilicheka jina hilo kwa mapenzi, lakini usugu mwingine ni wa njaa. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 na kuendelea pensheni jamii. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Si fedha ya kujengea nyumba, ila inatosha kumfanya mzee aseme "leo sipigi, nimechoka." Huku bara hatuna kitu cha namna hiyo.

Na Bi Kidude, mwimbaji wao, hakuwahi kuiona pensheni hiyo. Alifariki Aprili 2013, umri wake ukibishaniwa, wengi wakisema amevuka mia. Yeye ndiye anayenivurugia hesabu kila nikitaka kusema wazee wapumzike. Sauti yake ya uzeeni ilikuwa na mikwaruzo, na ni hiyo hiyo dunia iliyoifuata. Mwaka 2005 maonyesho ya muziki ya WOMEX yalimtunuku tuzo yake akiwa bibi kizee, sigara mkononi. Hakuna aliyemtaka aimbe kama msichana wa taarabu wa miaka ya thelathini. Ngoma aliiweka katikati ya miguu, akapiga alivyoweza, watu wakamfuata yeye.

Sisemi kila mzee aendelee. Kuna vyombo visivyo na huruma. Mpuliza tarumbeta akipoteza meno ya mbele, kazi imekwisha. Mpiga solo ambaye kidole cha pete kimekufa ganzi ataufikia wimbo wake mwenyewe kwa kuchelewa, na kila mtu atasikia. Nimewahi kukaa ukumbini nikiomba wimbo uishe, si kwa kuchoshwa bali kwa aibu ya kumwona mtu mzima akipigana na ufunguo aliouchagua akiwa na miaka 25. Bendi ingeshusha ufunguo, au kijana angepewa beti za juu, mzee akabaki na kiitikio, na hapangekuwa na msiba wowote. Wanamuziki wanayajua haya. Mapromota nao wanayajua, ila jina la mzee ndilo linalouza tiketi.

Nirudi Busunzu. Baada ya aibu ile ya uwanjani nilikaa wiki mbili, nikaenda kwake jioni kuomba radhi. Hakutaka kuzungumzia jambo hilo. Alinikaribisha muhogo na maharage, kisha akaitoa nanga ndani ya kitenge. Uzi ni wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Zamani, anasema, zilikuwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe na ziliudhi siku za mvua. Kucha za vidole gumba ni nene na za manjano. Nyuzi mbili za mwisho vidole havizifikii tena, mkono wa kushoto hautanuki. Basi amezifuta katika nyimbo zake. Mahali zilipotakiwa anagonga ubao kwa kiganja, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Mjukuu wake akaniambia kwamba kugonga huko hakukuwapo zamani, ni kwa uzeeni. Kwangu ndiko kuzuri kuliko vyote.

Aliimba kwa zaidi ya saa nzima. Tulikuwa watu sita na moto. Aliimba mlima kwa mlima, nani alihama na ng'ombe wangapi, nani alikimbia mahari, mwaka gani njaa iliingia na nani alificha mtama. Kiha chake kina maneno ambayo mimi niliyezaliwa hapa ilibidi niulize. Sikusikia mtu aliyechuja.

Ndiyo sababu nakuandikia wewe. Kwa sheria ya mwaka 1984 Baraza lako ndilo lenye dhamana ya sanaa nchini, na mwenye tamasha huja kwenu kwa kibali. Katika kibali hicho ongezeni mistari michache kwa yeyote anayempandisha jukwaani msanii mzee: alipwe kabla hajapanda, apewe kiti na kivuli, aitwe mapema kwenye ratiba, na mitambo ijaribiwe na chombo chake watu hawajafika. Kwa nanga maiki ni mbili, moja ya mdomo na moja ya ubao. Hilo lingetuokoa sisi.

La pili linahitaji fedha. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo, na ni jambo jema kwa kijana mwenye studio. Mzee wa miaka 81 mtamkopesha nini, na atarejesha lini? Huyu anahitaji posho ya kufundisha. Wajapani tangu miaka ya 1950 wanawatambua mafundi wao wakubwa kama hazina ya taifa, na huwalipa kila mwaka ili warithishe walichonacho. Lakini hata sisi tuliwahi kufanya kitu cha jinsi hiyo. Mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo, aliwekwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo akafundisha, na alipofariki mwaka 2003 marimba na zeze vilikuwa tayari mikononi mwa watoto na jamaa zake. Bagamoyo ni mbali kwa mzee wa Busunzu. Mlipeni hapa hapa, kupitia ofisa utamaduni wa wilaya, vijana watatu au wanne wamfuate jioni, na mtu mmoja mwenye kinasa sauti kizuri.

Mimi nimeanza na nilicho nacho, yaani daftari la mistari na simu yenye kioo kilichopasuka. Mpaka juzi nilikuwa nimeandika nyimbo kumi na nne. Nilimuuliza zimebaki ngapi. Akahesabu kwa vidole, akaacha, akasema hatujafika nusu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Busunzu