Bakuli la loda: pima mzigo kwanza, upana baadaye



Leo nazungumzia mashine, lakini samadi na udongo vimo ndani yake. Vikundi vya vijana na wafanyabiashara wa samadi, mchanga na kokoto hapa Dodoma wameanza kuulizia ile loda ndogo inayotembea kwa mikanda ya mpira. Vijana wanaiita Bobcat hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kazi zake zinaeleweka: kutoa samadi bomani, kupakia mchanga kwenye gari, kusawazisha kiwanja, kuzoa tope la lambo lililokauka. Wengine wanapanga kuombea mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini unarudishwa.

Ninachokiona kwenye vikao ni hiki. Watu wanabishana siku nzima kuhusu mashine yenyewe: nguvu za injini, mpya au mtumba, nchi ilikotoka. Bakuli, ambalo wengine wanaliita baketi, linachaguliwa mwishoni kwa dakika tano, na kwa macho. Lililo pana ndilo linalopendwa. Mimi sikubaliani na utaratibu huo. Injini haigusi mchanga wala samadi, bakuli ndilo linalogusa. Ukikosea bakuli, mashine nzuri itakula mafuta na mikanda, na marejesho yatakushinda.

Tumeshaliona Kongwa

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa ilikuwa kituo chake cha kwanza. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Walileta mabuldoza na matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita. Mwaka wa kwanza hawakufikisha hata ekari 10,000. Visiki na mizizi viliharibu vyuma. Mvua ilikuwa ndogo. Udongo wenye mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba hata kuzing'oa karanga zilizoota ilikuwa shida. Mpango ulifungwa mwanzoni mwa 1951, baada ya kula takriban pauni milioni 36.

Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo inatuhusu: vyuma viliagizwa kabla udongo haujapimwa. Walikuwa na nchi nzima nyuma yao na bado walishindwa. Kikundi cha vijana 10 hakina wa kukilipia hasara kama ile.

Anza na kilo

Kila loda ina namba mbili kwenye karatasi zake. Ya kwanza ni uzito wa kuipindua, yaani mzigo unaoifanya inyanyuke nyuma na kuangukia mbele. Ya pili ni uzito salama wa kufanyia kazi. Kwa loda za mikanda, uzito salama huhesabiwa kuwa asilimia 35 ya uzito wa kuipindua. Mfano: mashine inayopinduka kwa kilo 2,600 ina uzito salama wa kilo 910. Muuzaji akikutajia ile namba kubwa peke yake, mwombe na ndogo. Ndogo ndiyo utakayoishi nayo.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue bakuli la kawaida la ujazo wa mita 0.4, yaani lita 400, sawa na debe 20. Mchanga mkavu ni kama kilo 1,600 kwa mita moja ya ujazo, na uliolowa unafika kama kilo 1,900. Bakuli hilo likijaa mchanga uliolowa linabeba kilo 760. Mashine yetu ya kilo 910 iko salama.

Chukua bakuli pana la mizigo myepesi, mita 0.7, yaani debe 35. Ukijaza samadi kavu, ambayo ni kama kilo 500 kwa mita ya ujazo, unapata kilo 350. Hakuna tatizo. Lakini bakuli hilohilo likijazwa mchanga uliolowa linakuwa na kilo 1,330. Umepita uzito salama kwa zaidi ya kilo 400. Kwenye uwanja tambarare mashine inaweza kunyanyua na ukashangilia. Kwenye mteremko wa korongo, bakuli likiwa juu, dereva yuko hatarini.

Wanaotetea bakuli pana wananiambia, "Afisa, dereva hatalijaza, atachota nusu." Ninawaheshimu, lakini sijui dereva anayelipwa kwa tripu ambaye atachota nusu siku nzima huku gari likisubiri. Mwenye mali asitegemee uvumilivu wa dereva kulinda mashine yake. Bakuli lenyewe liwe na ukubwa ambao hata likijaa mzigo mzito kabisa, mashine haizidiwi.

Jambo jingine kwenye karatasi: ujazo unaandikwa kwa namna mbili. Upo ujazo wa bakuli lililosawazishwa juu, na upo ujazo wa bakuli lenye kilima. Sisi tunaijua lumbesa ya magunia. Na hii ni lumbesa ya mashine. Unapolinganisha bakuli mbili, hakikisha zote zimepimwa kwa namna moja.

Meno au makali bapa?

Bakuli lenye meno linapenya ardhi ngumu. Udongo wetu wa mfinyanzi ukikauka mwezi wa Agosti hauchimbiki kwa makali bapa, yanateleza tu juu yake. Hapo meno yana kazi.

Lakini ingia na meno bomani uone. Samadi imekaa juu ya ardhi ya mchanga na changarawe. Meno yanachimba chini ya samadi na kuchanganya vyote. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anayelipia samadi anapelekewa mchanga ambao shambani kwake anao tayari. Makali bapa yanakwangua safi na kuishia pale samadi inapoishia. Vilevile kwenye kusawazisha kiwanja, meno yanaacha mifereji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni bakuli la makali bapa, tena makali ya kufunga kwa bolti, pamoja na upau wa meno unaofungwa na kufunguliwa. Uwanda wetu umekaa juu ya miamba ya granite, na mchanga wake unasaga chuma kama msasa. Makali ya bolti yakiisha upande mmoja, mengi yanageuzwa upande wa pili, na baadaye yanabadilishwa. Bakuli lisilo nayo likiisha mdomo, unamwita fundi wa kuchomelea, na mashine inalala wakati mteja anasubiri.

Upana unaotosha

Sisemi ununue bakuli jembamba. Bakuli linatakiwa kuwa pana kidogo kuliko mashine yenyewe, ukipima kutoka nje ya mkanda mmoja hadi nje ya mwingine. Likiwa jembamba, mikanda inapanda juu ya mabaki ambayo bakuli halikuyafikia. Mashine inakwenda upande, kazi inakuwa mawimbi, na mpira unasagwa na changarawe. Mikanda ya mpira ni kati ya vipuri vya gharama kubwa kwenye loda hizi.

Baada ya kufunika mikanda, upana wa ziada haukupi faida kubwa. Fikirieni na magari yetu. Kirikuu kimetengenezwa kubeba kilo 350. Bakuli moja la mita 0.4 lililojaa mchanga uliolowa ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukileta bakuli la mita 0.7, hata samadi kavu peke yake inalijaza gari kwa mara moja, na nyingine inamwagika pembeni. Kama wateja wako wengi wanakuja na kirikuu au mkokoteni wa trekta, bakuli kubwa linakuongezea kazi ya kuzoa kilichoanguka. Kama unapakia Fuso, pima kwanza kama bakuli likifunguka litapita juu ya ubao wa gari. Usisubiri kupima siku ya kazi.

Bakuli za mitindo

Kuna bakuli linalofunguka kama mdomo, linalokwangua, kubana na kumwaga kwa chini. Kuna lenye makucha ya kubania vichaka na visiki. Yote mawili ni mazuri. Lakini yanahitaji mabomba ya ziada ya haidroliki, yana pini na silinda nyingi za kutunza, na ni mazito zaidi. Uzito huo wa ziada unakatwa kwenye zile kilo 910. Kwa kikundi kinachoanza, ninashauri yasubiri. Hakikisha tu kwamba kifungio cha mbele ni kile cha kawaida kinachopokea vifaa vya kampuni tofauti, ili mwaka wa pili au wa tatu uongeze kifaa bila kubadilisha mashine.

Bakuli la pili likinunuliwa, liwe lile pana la samadi. Lakini linunuliwe kwa pesa ambayo mashine imeshaingiza, baada ya kuona kwenye daftari kwamba wateja wa samadi ni wengi kuliko wa mchanga. Na litumike kwa samadi kavu na pumba tu. Andikeni kwa rangi juu yake: SI YA MCHANGA.

Kwa mkulima anayekodi

Wewe usiyenunua mashine, hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Usikubali bei ya "bakuli moja shilingi kadhaa" kabla hujajua bakuli ni la debe ngapi. Bakuli la debe 20 na la debe 35 si kitu kimoja, na kwa mbali yanafanana. Pima urefu, kina na upana kwa futi kamba, au muulize mwenye mashine akuoneshe karatasi. Kisha mkubaliane kama linachotwa bapa au kwa kilima.

Shamba linahitaji tani 2 hadi 4 za samadi kwa ekari. Kwa samadi kavu, bakuli la debe 20 lina kama kilo 200, hivyo tani 2 ni bakuli 10. La debe 35 lina kama kilo 350, hivyo ni bakuli 6 hivi. Ukilipia bakuli 6 za debe 20 ukidhani ekari imetimia, umepeleka kilo 1,200 tu. Mavuno yakiwa madogo utailaumu samadi, kumbe kilichopungua ni kipimo.

Angalia pia meno. Mashine ikija bomani kwako na meno, mwambie dereva ayafungue kabla ya kuanza. Kama hayafunguki, simama karibu uone kinachopakiwa, na rangi ya mchanga ikianza kuonekana mwambie apandishe bakuli. Tope la lambo likilowa ni zito na linaganda ndani ya bakuli, hivyo subirini likauke ndipo mwite mashine. Na watoto wasibebwe ndani ya bakuli hata kwa hatua tatu. Mtu yeyote asipite chini yake likiwa juu.

Msimamo wangu

Kikundi kikiniuliza kesho, nitajibu hivi: bakuli moja la kawaida, pana kidogo kuliko mikanda, ujazo ambao ukijaa mchanga uliolowa hauvuki uzito salama wa mashine, makali ya bolti, na upau wa meno wa kufungua. Pesa inayobaki iwekwe kwa seti ya pili ya makali, grisi ya pini na siku mbili za kumfundisha dereva.

Najua bakuli hili halitapendeza kwenye picha ya siku ya kukabidhiwa mashine. Lakini tuna kiangazi cha Mei hadi Novemba tu cha kufanya kazi hizi kwa raha kabla mvua hazijaanza. Mashine isiyolala gereji katika miezi hiyo ndiyo itakayolipa mkopo.

Kabla hamjasaini oda, leteni karatasi za mashine na za bakuli ofisi ya kata. Tutakaa na kikokotoo, tuzidishe ujazo kwa uzito wa mzigo, kisha tulinganishe jibu na uzito salama. Ni kazi ya nusu saa, na haina malipo.